Tulipanda Mlima Tumenuniana

Kwetu hakuna mlima. Naanza na hilo ili unielewe, msomaji, maana mwenzangu uliyekulia Lushoto au Moshi utashangaa mtu mzima wa miaka 31, mwenye kazi yake Posta, anaogopa njia ya kupanda. Mimi ni mtu wa Fundo, kile kisiwa chembamba kirefu kilicholala magharibi ya Pemba, mbele ya Wete. Fundo ni mawe ya matumbawe, minazi, mikoko na bahari. Ukitaka kupanda, unapanda mnazi, na huo wenyewe wanapanda wanaume. Sisi wanawake miguu yetu imezoea kuteremka, kuyafuata maji ya bamvua yakikupwa, na kijiti cha kuchokolea pweza mkononi.

Kwa hiyo marafiki zetu walipopanga twende Morogoro kupanda milima ya Uluguru, siku moja tu, kwenda na kurudi, nilicheka. Yaani watu wazima na akili zao wanalipa nauli kwenda kuchoka! Lakini shosti yangu wa ofisini na mchumba wake walishachanga, na yule rafiki yetu tunayemwita Mheshimiwa, kwa sababu ya tumbo na kuchelewa kila mahali, alishanunua mpaka buti. Mume wangu ndiye aliyefurahi kuliko wote, maana Morogoro ni kwao. Tukasema tutakwenda mwishoni mwa Mei 2025, masika yakianza kuondoka, kabla vumbi na jua kali havijaingia.

Basi siku tano kabla ya safari, mimi na mume wangu tukaacha kusemeshana.

Chanzo ni meseji ya benki. Tuna akaunti ya pamoja, ya kununulia kiwanja Mapinga. Kila mwezi kila mmoja anaweka, na tulikubaliana hakuna kugusa. Mimi niligusa. Nilitoa shilingi 1,500,000, na mimi, msomi mzima, nikasahau kwamba akaunti ya pamoja inatuma meseji kwenye simu zote mbili. Yeye alikuwa kikaoni. Hakupiga simu. Alirudi nyumbani, akala, akaosha sahani yake mwenyewe, akaniuliza swali moja tu: "Umempa nani?"

Nilimpa kaka yangu. Boti yake iliharibika mashine, na hiyo si boti ya kuvulia peke yake. Kwetu boti ndiyo daladala, ndiyo lori la unga, ndiyo gari la wagonjwa, kwa sababu hospitali iko Wete na katikati pana bahari. Mama alinipigia simu usiku akanihadithia jirani yetu alivyoshikwa na uchungu wa kuzaa, upepo wa kusi umeshaanza, boti nyingine zote zimelala Wete, wakamvusha kwa tanga na makasia. Alifika salama na mtoto alizaliwa salama. Mama yangu ndiye aliyekuwa hajalala mpaka muda ule ananipigia. Nikatoa hela asubuhi yake. Kaka akaongeza za kwake na za kukopa, akanunua mashine iliyotumika.

Sasa utaniuliza, si ungemwambia tu mumeo? Ningemwambia. Lakini mwaka wetu wa kwanza wa ndoa, kwenye pati moja hivi, watu wanataniana, naye akasema, "Mke wangu mshahara wake unaliwa na kisiwa kizima." Watu wakacheka na mimi nikacheka. Kisha lile neno nikaliweka. Jina la kisiwa chetu ni lile lile fundo unalolifunga kwenye kamba, na ni lile lile analokaa nalo mtu moyoni, na shemeji zangu wameshanitania sana kwa hilo. Wala hawakukosea. Nilikaa nalo miaka mitatu.

Nilimjibu, "Nimempa kaka, mashine imekufa." Akasema sawa. Na "sawa" ya mume wangu mwenye ndoa zake anaijua, ni mlango unaofungwa taratibu bila kupigwa.

Kwa nini hatukuahirisha safari? Aibu tu. Ukiahirisha lazima utoe sababu, na shosti yangu ana pua. Ijumaa jioni tukapanda SGR, tabasamu limebandikwa usoni. Tangu treni hiyo ianze kubeba abiria mwezi Juni 2024, Morogoro imekuwa kama mtaa wa pili wa Dar, chini ya saa mbili umefika. Zamani ungekuwa bado unahesabu malori Kibaha. Njia nzima mbele za watu aliniita "mpenzi", mimi nikamwita "baba". Tulivyofika gesti na mlango kufungwa, kimya. Kitanda kimoja, blanketi moja, na kibaridi cha mlimani kinashuka. Kila mmoja alilala ukingoni kwake. Katikati pangelala ng'ombe.

Saa 12 na nusu asubuhi tulikuwa tumeziacha nyumba za mwisho za mji na mwongozaji wetu, kijana mpole wa kule kule. Safari tuliyoichagua wenyewe wanaiita ya wastani. Unapanda kati ya mashamba mpaka Morningside, penye nyumba ya mawe iliyojengwa enzi za Wajerumani, kisha unaingia msituni kidogo ulionje, unageuza. Ukiwa na pumzi zaidi na kibali chako unaendelea hadi Bondwa, kule juu kwenye minara ya mawasiliano. Sisi pumzi hatukuwa nazo. Msitu wenyewe ni hifadhi ya mazingira asilia tangu 2008, huingii tu kama unaingia sokoni.

Wastani! Baada ya nusu saa moyo ulikuwa unanipiga masikioni. Udongo bado una maji ya masika, mwekundu, unateleza kama umepakwa sabuni. Na wakati sisi tunahema, kina mama wa kule wanashuka na matenga ya karoti, mchicha na ndizi vichwani, wengine na mtoto mgongoni, kandambili miguuni, wanatusalimia na kupita kama wanakwenda chumba cha pili. Bibi mmoja wa miaka sabini kama si zaidi alimpita Mheshimiwa akiwa amekaa juu ya jiwe na buti zake za laki mbili na nusu. Akamwambia, "Pole, baba, umetoka mbali?" Nyuma kwetu, paa la gesti yetu lilikuwa bado linaonekana.

Mume wangu alitangulia. Huo ndio ulikuwa mpango wake, nadhani: akitangulia hana haja ya kuongea. Mimi nikawa wa mwisho, kwa sababu hiyo hiyo na kwa sababu ya mapafu. Kwetu huwa hatutembei hivyo. Mkienda pwani kuchokoa pweza mnakwenda kundi, mnarudi kundi, maana maji yakigeuka hayamsubiri aliyebaki nyuma. Hata mwenye tenga lililojaa atamngoja mwenye tenga tupu. Nilikuwa nayawaza hayo kwa hasira, naona tisheti yake ya bluu ikipotea kwenye kila kona, na kwenye kila kona nikiongeza sentensi kwenye hotuba yangu ya kichwani. Tulipofika juu ilikuwa hotuba ya kurasa kumi.

Njiani palikuwa na njia panda, kijia kinakata kulia kwenye migomba. Shosti akauliza, "Shemeji, si ulisema bibi yako anakaa huku? Tupite tumsalimie." Mume wangu akajibu haraka haraka, "Tutachelewa. Labda siku nyingine." Nilijua sababu, au nilidhani najua: bibi yake mzaa mama ana macho. Angetuona mara moja kwamba tumenuna.

Morningside tulifika tukiwa na njaa. Tukakaa kwenye majani, tukala maandazi na mayai ya kuchemsha, tukaangalia chini. Mji wote wa Morogoro upo pale miguuni, na Bwawa la Mindu linang'aa pembeni. Wakulima wa pale wanalima mpaka stroberi, tukanunua mfuko mmoja, zikaisha kabla hatujamaliza kuhesabu chenji. Mwongozaji akatuonyesha kijito na kutuambia maji yale yanaingia Mto Ngerengere, nao Ngerengere unaingia Ruvu. Na Ruvu, ndugu msomaji, ndiyo inayotunywesha Dar. Nilivyokuwa na kinyongo, hata hilo nililichukulia kama hoja: yaani hata maji ninayooga ni ya kwao!

Kisha tukaingia msituni.

Sijui nieleze vipi. Nilishawahi kuingia msitu nikiwa mdogo, tulipopelekwa na shule Ngezi, kaskazini ya Pemba, lakini ule uko tambarare, bahari haiko mbali. Huu umesimama. Miti imevaa kuvu la kijani mpaka kwenye vidole, makangaga makubwa kama miavuli, maji yanadondoka na mvua hakuna. Mwongozaji akazungumza kwa sauti ndogo, na sisi wote bila kuambiwa tukashusha sauti. Alituhadithia kuna ndege mmoja, kichwa cheusi, mgongo wa kijani, kifua cha manjano, duniani kote yupo kwenye milima hii ya Uluguru tu. Hatukumwona, lakini nilijikuta najigamba, nikawaambia na sisi Pemba tunaye popo wetu mkubwa, mbawa zake ukizitandaza anakushinda mikono, na yeye hapatikani penginepo. Mume wangu akageuka kuniangalia. Ile ya kweli, si ya kwenye pati.

Palikuwa na gogo la kuvuka, limelowa. Wenzetu walishapita. Alisimama ng'ambo, akanyoosha fimbo yake, akasema, "Shika."

Neno la kwanza kwa siku tano bila watazamaji. Nikashika, nikavuka, nikamwachia fimbo yake. Hotuba yangu ya kurasa kumi ikapungua labda kurasa mbili.

Kushuka kulikuwa kubaya kuliko kupanda, hilo hakuna aliyenionya. Magoti yanatetemeka, vidole vya miguu vinagonga mbele ya raba, na mvua, ambayo tuliambiwa imeshaondoka, ikakumbuka kwamba ilisahau kitu. Ilianza manyunyu, ikawa mvua kweli. Soli ya buti moja ya Mheshimiwa ikaachia mdomo. Tulikuwa tumefika pale pale kwenye njia panda. Shosti hakuuliza tena, alikata kulia kwenye migomba akikimbia, na sisi nyuma yake. Mume wangu peke yake ndiye aliyetembea polepole, kama mtu anayekwenda kwa mwalimu mkuu.

Nyumba ya bibi nilikuwa nimeiona mara moja, wakati wa harusi. Tofali za udongo, paa la nyasi lililozeeka, ndani pamewekwa sufuria mbili za kukinga matone. Sasa tukakuta paa la mabati. Mapya, yanawaka, hata misumari haijaanza kutu.

Tukaingia, tukapokewa kwa vifijo, tukakalishwa kwenye mikeka na vigoda. Kama umewahi kukaa chini ya mabati mapya yasiyo na dari mvua ikipiga, unajua huwezi kusikilizana. Bibi ikabidi apige kelele. Kule, kama ilivyo kwa watu wengi wa bara, bibi na mjukuu wana utani: mjukuu wa kiume ni mume wake, na mimi niliyeolewa ni mke mwenzake. Akanishika mikono yote miwili, akapaza sauti mpaka shosti yangu aliyekuwa mlangoni akageuka:

"Mke mwenzangu! Ahsante kwa mabati!"

Sikuelewa. Nikatabasamu. Akadhani sijasikia, akazidisha: "Mume wetu aliniambia! Alisema wewe ndiye uliyesema bibi asiendelee kunyeshewa! Mabati 36! Mungu akuongezee!"

Nikamwangalia mume wangu. Alikuwa anaangalia buti ya Mheshimiwa kana kwamba ndiyo kitu cha maana kuliko vyote duniani.

"Karibu sana, bibi," nikapiga kelele na mimi. Ningesema nini?

Mvua ilidumu karibu saa nzima. Bibi alituchemshia chai ya tangawizi na magimbi, akatuhadithia mambo ya zamani, jinsi serikali ya Mwingereza ilivyowalazimisha kukata matuta ya ngazi kwenye miteremko, mpaka Waluguru wakakataa na vurugu ikazuka mwaka 1955. Yeye alikuwa msichana mdogo, anakumbuka mama yake akilia kwa hasira kwa sababu shamba ni la mama. Kwa Waluguru ukoo unakwenda kwa mama, na ardhi hali kadhalika. Nilimsikiliza kwa sikio moja. Kwa sikio la pili nilikuwa napiga hesabu: mabati 36, mbao, misumari, fundi, na kuyabeba mpaka huku kichwani mwa watu. Si chini ya milioni moja na laki kadhaa. Na siku tano nimenuniwa!

Mvua ilipokatika nikawaambia wenzangu watangulie. Tukashuka wawili, nyuma, safari hii kwa mwendo wangu.

Sikutumia hotuba. Nilimuuliza swali lake mwenyewe: "Umempa nani?"

Akacheka bila kupenda. Akaniambia ilikuwa Februari, hela ya ovataimu na deni alilolipwa na rafiki yake. Hakugusa akaunti ya kiwanja, akalisema hilo mara mbili. Nikamwambia sawa, lakini ulificha. Akasema ni kweli, alificha, kwa sababu mimi huwa napiga hesabu za kwao kwa sauti. Nikabisha. Akanitajia siku, mahali, na maneno niliyoyasema kuhusu ada ya mdogo wake, na nilikuwa nimeyasahau kabisa kama yeye alivyolisahau lile la kisiwa kizima. Tukasimama pale njiani tumelowa, kina mama wa matenga wanatupita tena, sasa wanapanda, matenga matupu, mmoja akatuambia, "Msigombane, kuna utelezi."

Lakini kilichonikaa koo si mabati. Ni kwamba alipotoa, alimwambia bibi yake ni mimi. Mimi nilipotuma ile 1,500,000 nilimwambia kaka yangu maneno haya, nayakumbuka neno kwa neno: "Usimwambie shemeji yako." Kwa hiyo huku mlimani kuna bikizee ananiombea dua kwa kitu nisichokifanya, na kule Fundo kuna watu wanavuka kwa hela ambayo nusu ni ya mume wangu na hakuna hata mmoja anayemjua kwa hilo. Nilimwambia hivyo. Ilinichukua muda kulitoa, na nilipolitoa nililia kidogo, mvua ikanisaidia.

Hakusema amenisamehe. Alisema, "Ile ya akaunti imeniuma." Nikamwambia najua. Akasema, "Itaniuma uma kwanza." Nikamwambia sawa, na sawa yangu ilikuwa sawa ya kweli.

Kwenye treni ya kurudi, Mheshimiwa akikoroma na buti yake imefungwa kwa kamba ya katani, tulitoa karatasi. Kiwanja kitachelewa miezi minane, tulikubali. Tukaandika mstari mmoja mpya kwenye bajeti, kiasi cha kila mwezi cha kwao na cha kwetu, sawasawa, kinachotolewa bila maswali lakini kwa kuambiana. Hatujaufuata vizuri kila mwezi, nisikudanganye. Julai tuligombana tena kwa sababu ya huo huo mstari. Ila tuligombana kwa sauti, siku moja tu, tukalala.

Kisha nikampigia kaka yangu pale pale kwenye treni, nikamwambia mashine ile ni ya shemeji yake pia, amwambie mama, na amwambie kila anayepanda. Kaka akanyamaza, halafu akasema, "Mbona mwanzo uliniambia ninyamaze?" Nikamwambia abadilishe.

Agosti tukaenda. Boti hadi Mkoani, gari hadi Wete, na pale Wete kaka yangu alikuwa anatungoja na ile mashine. Mume wangu, mtu aliyepanda Uluguru kama anapanda ngazi za nyumbani, alisimama kwenye maji ya magotini ameshika viatu vyake, anaitazama bahari kama mimi nilivyoutazama udongo mwekundu. Kusi lilikuwa bado linavuma. Abiria wengine walishapanda: mzee na gunia la unga, wanafunzi, mama mmoja na kichanga. Nikapanda kwanza, nikageuka, nikamnyooshea mkono. "Shika," nikamwambia.

Tulipofika kwetu, baada ya salamu na kukumbatiana, mama alinivuta pembeni akaniuliza kwa kunong'ona kama huyu mkwe wake anajua kuogelea. Nikamwambia hajui hata kidogo. Mama akamtazama pale alipokaa na wazee, suruali imelowa hadi mapajani, anacheka na kaka yangu mambo ya mafuta na plagi.

"Basi kesho bamvua," akasema, "mkienda pwani umshike mkono wewe. Hao wengine watamsahau."